Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Manispaa za Kinondoni na Kigamboni

Waheshimiwa Wakurugenzi,

YAH: WAOKOAJI WA KULIPWA KATIKA FUKWE ZA WAZI KABLA YA LIKIZO YA DESEMBA

Naingia moja kwa moja kwenye ombi langu. Naomba kila ufukwe wa wazi ulio chini yenu uwe na watu waliofunzwa uokoaji, wanaolipwa na manispaa, wanaotazama maji tangu asubuhi hadi magharibi, siku zote za likizo za shule na za sikukuu. Naomba pia lisiwepo bwawa la kuogelea linalotoza kiingilio bila kuwa na mtu wa namna hiyo ukingoni. Mengine yote nitakayoandika humu ni maelezo ya kwa nini jambo hili halifai kungoja sikukuu nyingine ipite.

Ikikaribia Krismasi, au mwezi wa Idi ukikaribia kuandama, tunasikia redioni tangazo lile lile: wazazi wawe makini, watoto wasiende ufukweni peke yao, waliokunywa pombe wasiingie majini. Maneno hayo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni tangazo hilo kugeuka kuwa kazi yote. Likishasomwa, mamlaka inahesabu kwamba imetimiza wajibu, na anayebaki kupambana na bahari ni mama mwenye watoto wanne na kapu la chakula. Mtoto akifa maji tunaambiwa wazazi walizembea, kisha mazungumzo yanaishia hapo.

Ndugu Mkurugenzi wa Kinondoni, tuitazame Coco Beach siku ya Idi pili. Tangu asubuhi daladala zinashusha watu kutoka Tandale, Manzese, Buguruni, Mbagala. Watoto wamevaa nguo mpya, wengine wameshikwa mikono na dada zao wenye miaka kumi au kumi na miwili. Wapo na wageni waliokuja mjini kupumzika kutoka Dodoma, Singida na Tabora, ambao watoto wao wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Mihogo inakaangwa, madafu yanakatwa, muziki unapigwa. Manispaa nayo ipo. Yupo anayekusanya ushuru, yupo mgambo wa kuwapanga wafanyabiashara, lipo gari la taka, na polisi wapo kwa ajili ya vibaka. Kila jambo la nchi kavu lina mtu wake. Mchanga unapokwisha na maji kuanza, hamna mtu wenu hata mmoja, ingawa ni hayo maji yaliyowaleta watu wote hawa.

Na maji yale si mahali pamoja asubuhi na jioni. Mtu aliyekulia bara amezoea bwawa au mto, ambao ukiukuta una kina fulani asubuhi utaukuta hivyo hivyo mchana. Bahari ya Dar es Salaam wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na safari hiyo kutoka kupwa hadi kujaa huchukua takriban saa sita tu. Bamvua huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu. Katikati yake ni siku za maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo. Tena katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi au kumi na moja jioni.

Naomba mlifikirie hilo kwa jicho la familia iliyofika saa nne. Wanakuta mchanga mpana na miamba iliyo wazi, na vidimbwi vyenye kaa na visamaki. Watoto wanatembea mbali kuelekea baharini na maji hayafiki magotini. Mzazi anatazama, anaridhika kwamba hapa ni salama, kisha anageukia chakula na mazungumzo na ndugu ambao hajawaona tangu mwaka jana. Kufikia saa nane maji yameanza kurudi, na hayarudi kwa mstari ulionyooka kama mtu anavyodhani. Hupita kwanza kwenye mikondo ya chini iliyo kati ya miamba na pwani, hivi kwamba mtoto aliyesimama juu ya mwamba bado ana miguu mikavu wakati nyuma yake pameshafunguka njia ya maji inayomzidi kimo. Saa kumi jioni, watu wakiwa wengi kuliko saa nyingine yoyote, joto likiwa limepungua na waliokuwa makanisani au misikitini wameshafika, mahali pale palipokuwa na vidimbwi pana kina cha kumzamisha mtu mzima.

Sasa liangalieni na hili, maana ndilo lililonifanya niketi niandike. Idi el-Fitri huja na mwezi mwandamo. Kwa hiyo kila Idi el-Fitri, mwaka wowote, inaangukia ndani ya bamvua, na maji huzidi kwa siku moja au mbili baada ya mwandamo, yaani Idi mosi na Idi pili zenyewe. Bamvua zilizo kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, na Idi ya mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Siku ambayo Coco hujaa watoto wengi wasiojua kuogelea ndiyo siku ambayo bahari hutembea sana, na saa ya umati mkubwa ndiyo saa ya maji kujaa. Hilo linajulikana miaka kabla, kama tunavyojua kwamba baada ya Shaabani ni Ramadhani. Krismasi haifuati mwezi, hivyo kwayo inabidi kufungua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam na kuangalia. Ni kazi ya dakika chache ofisini.

Mvuvi yeyote wa Msasani au Kunduchi anayajua haya bila kufungua karatasi. Mtoto wa Tabora hayajui, wala mama yake. Pale Coco hapana ubao unaosema leo maji yanajaa saa ngapi. Ubao mmoja na chaki, mtu mmoja wa kuuandika kila asubuhi, vingewaambia maelfu ya watu jambo ambalo kwa sasa wanaligundua wakiwa wameshaingia.

Ndugu Mkurugenzi wa Kigamboni, fukwe zenu zina shida yake. Kule mchanga ni mrefu na mawimbi huingia kutoka bahari kuu. Mawimbi yanapoleta maji pwani, maji hayo lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa kukusanyika katika njia nyembamba na kukimbia kuelekea nje. Njia hiyo huonekana tulivu. Mawimbi hayavunjiki hapo, kwa hiyo mgeni huichagua akidhani ndipo penye usalama. Mambo kama hayo hutokea pia kando ya kuta za mawe zinazozuia mmomonyoko upande wa Kunduchi. Mtu anayenaswa na mkondo wa namna hii hujaribu kuogelea moja kwa moja kurudi pwani, anashindana na maji hadi nguvu zinamwishia, na hivyo hata mwogeleaji mzuri huweza kufa. Anachotakiwa kufanya ni kuelea, kupandisha mkono kuomba msaada, na kuogelea kwa kuambaa sambamba na pwani hadi atoke ndani ya njia hiyo, kisha ndipo arudi. Ni maelezo ya sentensi moja. Yanastahili kuandikwa kwa herufi kubwa penye kila lango la kulipia gari.

Nafahamu mtauliza: kwani wazazi hawana macho? Wanayo, na wajibu wao siuondoi. Mtoto mdogo anapokuwa majini, mtu mzima awe naye ndani ya maji, karibu kiasi cha kumshika kwa kunyoosha mkono. Familia kubwa ichague mtu mmoja wa zamu, asiyekula wala kushika simu, na zamu yake ikiisha amkabidhi mwingine kwa kumtaja jina, kwa sababu watoto wengi wamepotea katikati ya watu wazima kumi ambao kila mmoja aliamini mwingine anatazama. Dada wa miaka kumi asifanywe mlinzi wa wadogo zake. Naye ni mtoto, na akimwona mdogo wake anazama atamfuata. Bia zingoje hadi watu wametoka majini kabisa. Haya yote nayaandika kwa wazazi wenzangu bila kumlaumu yeyote.

Lakini macho ya mzazi yanatafuta kitu kisicho sahihi. Tumelelewa na methali ya mfa maji kwamba haachi kutapatapa, na kwa hiyo tunangoja kusikia mayowe na kuona maji yakirushwa. Francesco Pia, aliyefanya kazi ya uokoaji kwa miaka mingi katika ufukwe wa Orchard Beach mjini New York, aliwapiga picha za filamu watu waliokuwa wakizama kweli, akaonyesha kwamba wengi hawapigi kelele. Mdomo unaopanda juu ya maji kwa nukta moja unatumia nukta hiyo kuvuta pumzi, haubaki na nafasi ya kuita. Mikono haipungi hewani; inasukuma maji pembeni ikijaribu kuuinua mwili. Mtu anakuwa wima, kichwa kimelala nyuma, miguu haipigi. Hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda chini. Kutoka ufukweni anaonekana kama mtoto aliyesimama akitazama mawingu.

Kumtambua mtu huyo katikati ya vichwa mia tatu, jua la jioni likipiga kwenye maji, si jambo la mapenzi ya mzazi. Ni ujuzi. Mtu hufundishwa, hukaa juu ya jukwaa ili aone mbali, hupewa eneo lake la kutazama na hubadilishwa kabla macho hayajachoka. Umati usio na mtu huyo ni kama basi la abiria sitini ambalo kila abiria ameambiwa awe makini lakini halina dereva.

Na baada ya kuzama, saa inayokwenda ni ya dakika. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika katika dakika nne hivi, na kila dakika inayozidi inapunguza matumaini. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na kila familia inapaswa kuijua, lakini hakuna gari litakalotoka kituoni, likapita kwenye foleni ya sikukuu katika Barabara ya Ali Hassan Mwinyi au likavuka kwenda Kigamboni, likafika ndani ya muda huo. Kwa hiyo anayeweza kumwokoa mtoto ni yule ambaye tayari yupo pale. Tukikubali hilo, swali linalobaki ni kama mtu huyo awe amefunzwa au awe amebahatika tu kupita.

Kwa sasa ni bahati, na bahati hiyo mara nyingi ni vijana wa jirani wanaojua maji. Wanaruka kwa moyo safi, na wengine wanafanikiwa. Lakini kuogelea vizuri hakutoshi kuokoa. Anayezama humkumbatia anayemfuata na kumpandia kichwani, na ndiyo maana katika vifo vingi vya maji huwa tunasikia wawili: aliyezama na ndugu aliyemfuata. Jambo la kwanza ni kurusha kitu kinachoelea, iwe boya, kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, ambalo linatosha kumweka mtu mzima juu. Kuingia majini ni hatua ya mwisho, tena ukiwa na kitu cha kuelea kati yako na yeye.

Akishatolewa, hapo ndipo naogopa zaidi. Nimeona umati ukimning'iniza mtu kichwa chini ili maji yatoke, na kumbana tumbo. Maji yaliyo tumboni siyo yanayomuua, na kumkamua kunapoteza zile dakika na kunaweza kurudisha matapishi kwenye mapafu. Asiyepumua anahitaji hewa. Alazwe chali mahali pakavu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe, apuliziwe hewa mdomoni, kisha kifua kikandamizwe katikati kwa nguvu na kwa kasi, mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kuacha hadi apumue au wataalamu wafike. Hata akiamka na kusema yuko salama, apelekwe hospitali, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye. Chama cha Msalaba Mwekundu na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanaweza kufundisha haya. Kinachokosekana ni mwajiri.

Waajirini basi vijana wa Msasani, Kunduchi na Mjimwema. Hawa wanasoma maji kama sisi tunavyosoma gazeti, wanajua upepo wa kaskazi ukivuma mchana bahari inachafuka wapi, na wanajua wapi mwamba umejificha. Wapeni mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza, fulana ya rangi inayoonekana mbali, filimbi, boya la kuvutia, jukwaa lenye kivuli, na mshahara unaoingia kwa wakati. Wapeni na mamlaka ya kusema hapa leo haogelei mtu, na mgambo wawaunge mkono wanaposema hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, tahadhari hiyo ifike kwenye jukwaa lao ikiwa bendera nyekundu. Bendera mbili za nyekundu juu na njano chini, zikisimikwa kwa umbali, ziwaonyeshe watu eneo linalolindwa, na watangaze kwa kipaza sauti maana yake, kwa sababu bendera isiyoelezwa ni kitambaa.

Fedha? Fukwe hizi zinazalisha. Vibanda vinalipiwa, maegesho yanalipiwa, matamasha yanalipiwa vibali. Watu hao hawaji kwa ajili ya vibanda. Wanakuja kwa bahari, na sehemu ya kile wanacholeta inapaswa kuwarudia kama ulinzi wao. Hamlazimiki hata kuanza mwaka mzima. Anzeni na Desemba, anzeni na Idi, anzeni na Jumapili. Mkianza na fukwe mbili zenye watu wengi mtakuwa mmegusa sehemu kubwa ya hatari.

Kuhusu tyubu za magari zinazokodishwa ufukweni, naomba mzitazame kwa uzito. Mtoto asiyejua kuogelea hawezi kufika kwenye kina kwa miguu yake, lakini tyubu humfikisha. Akiteleza kupitia tundu la katikati hana kingine cha kushika. Maboya ya kupuliza yanayovalishwa mikononi nayo ni vitu vya kuchezea, yanatoboka na kuchomoka. Sisemi wakodishaji wafukuzwe, ni watu wanaotafuta riziki. Waandikisheni, muwapangie mstari wa mwisho wa kina, na muwatake wawe na jaketi okozi za watoto badala yake. Boti za kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo zinapaswa kuwa nazo pia, za kimo cha mtoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoanguka majini. Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) ndilo lenye kukagua vyombo, nanyi mna nafasi ya kuwaalika wakague asubuhi ya sikukuu pale wanapopakia, kabla boti haijaondoka.

Mabwawa yanahitaji sheria. Mbezi Beach na Kigamboni nyumba za kupangisha kwa likizo zimeongezeka, na bwawa la nyuma ndilo linalowavuta wapangaji. Familia inafika usiku imechoka na safari, mizigo inashushwa, na mtoto wa miaka mitatu anafungua mlango wa nyuma. Hapo hakuna wimbi wala mkondo. Kuna maji yaliyotulia, na kimya. Kinachozuia kifo hiki kinajulikana vizuri kuliko vyote: uzio unaozunguka bwawa pande zote nne, ukilitenga hata na nyumba yenyewe, wenye geti linalojifunga lenyewe na komeo asilolifikia mtoto. Australia huko inataka uzio usiopungua mita 1.2. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2003 inayowataka wenye mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini kuweka uzio, king'ora, kifuniko au paa. Ninyi hamhitaji kungoja Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Leseni ya biashara ya nyumba ya wageni yenye bwawa isitoke bila uzio, bila alama za kina zilizoandikwa ukingoni, na bila maji safi kiasi cha kuonekana sakafu ya chini. Bwawa lenye maji ya kijani lifungwe siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyelala chini yake haonekani.

Nchi hii inajua kuomboleza vifo vya maji. Tulilia MV Bukoba Mei 1996, tukalia MV Spice Islander Septemba 2011, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 bendera zilipepea nusu mlingoti kwa siku nne. Tume ziliundwa na watu wakawajibishwa, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Watoto wa sikukuu hawafi hivyo. Anakufa mmoja Coco, mwingine Mjimwema, mwingine kwenye bwawa la nyumba ya kupanga, na kila msiba unabaki kuwa wa familia yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa nao umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivi.

Kwamba mamlaka zetu zinaweza kubadilisha desturi ya sikukuu, tumeshaona. Idi ya mwaka 2008 watoto walikufa kwa kukosa hewa katika disko toto mjini Tabora. Tangu hapo, kila sikukuu ikikaribia, Jeshi la Polisi hutangaza kwamba disko toto ni marufuku, na kumbi zinakaguliwa. Hakuna aliyesema wazazi wa Tabora ndio walizembea na kuyaacha mambo hivyo. Tuliona kwamba ukumbi una mwenyewe, na mwenye ukumbi ana wajibu. Ufukwe wa wazi nao una mwenyewe, nanyi ndio wenyewe.

Jambo moja litachukua muda mrefu kuliko Desemba moja, nalo ni kuwafundisha watoto kuogelea. Inasikitisha kwamba jiji lililo kando ya bahari lina watoto wengi wanaomaliza darasa la saba bila kujua hata kuelea chali. Wasichana ndio wanaoachwa nyuma zaidi, kwa hoja ya mavazi na ya nani atawafundisha. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kwa mavazi yanayofunika mwili wote, na picha zao majini zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Hoja ya stara ilipatiwa jibu pale pale kijijini. Kule Ziwa Victoria, shirika la EMEDO la Mwanza limekuwa likifanya kazi na jamii za wavuvi kupunguza vifo vya kuzama. Hivyo wanaoweza kuwashauri wapo hapa hapa nchini, na wanazungumza lugha yetu.

Naomba majibu yenu yawe ya kubandikwa, si ya kuandikiwa mimi. Kabla shule hazijafungwa, ofisi za kata zenye fukwe zibandike karatasi inayoeleza ni fukwe zipi zitakuwa na waokoaji, wangapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na wapi ambapo manispaa haiwezi kuwaweka mwaka huu, ili familia ijue kabla ya kupanda daladala. Ufukwe usio na mtu uandikwe hivyo waziwazi. Mzazi akijua ukweli atachagua.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Nitahudhuria kinachofuata upande wa Kinondoni nikiwa na barua hii na jedwali la maji la Desemba, na nimewaomba majirani zangu wa Kigamboni wafanye vivyo hivyo kwao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mkazi wa Kinondoni,
Dar es Salaam